Mastaz ya polima na likwidi kristali ukiwa Nairobi, inawezekana?

Mdau umeuliza kama mtu aliyemaliza digrii ya kemia anaweza kufanyia mastaz ya polima (molekuli ndefu kama mnyororo) na likwidi kristali (vitu vinavyotiririka kama maji lakini molekuli zake zimejipanga) hapa Nairobi ama akae akingoja skolaship ya kwenda nje. Mimi yangu nilifanyia hapa hapa. Usingoje, ila chagua vizuri unaanzia wapi.

Mimi nilianzia pagumu. Nilitaka kutengeneza polima za vipande viwili, yaani mnyororo mmoja, nusu ni ya aina hii na nusu ya aina ile, hizo nusu hazipatani kama maji na mafuta lakini zimefungwa pamoja haziwezi kuachana, kwa hivyo zinajipanga zenyewe tabaka kwa tabaka, nanomita makumi hivi. Njia yenyewe ya kuzitengeneza alionyesha mwanakemia Michael Szwarc mwaka 1956, mnyororo unabaki hai ukiendelea kukua mpaka wewe mwenyewe uuzime. Shida ni unyevu na hewa, kidogo tu inaua kila kitu. Niliteseka miezi saba, mara naitrojeni ya kuzuia hewa inaisha katikati ya kazi, mara stima inapotea na pampu inazima, unaona ile rangi nyekundu ya minyororo hai ya stairini (kemikali niliyoanzia) inafifia mbele ya macho yako na unajua wiki nzima imeenda.

Ndio nikahamia likwidi kristali na hapo nikapenda kemia upya, kusema kweli. Nilianza na kemikali inaitwa 5CB, ni moja ya zile mwanakemia George Gray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza walitoa 1973, ndizo zilifanya skrini za saa na kalkuleta ziwezekane. Uzuri wake iko likwidi kristali kati ya digrii kama 24 na 35 tu. Sasa baridi ya Julai si unaijua, asubuhi moja nilipata kichupa kimeganda, cheupe. Nikakishika kwa kiganja nikipiga stori na fundi wa maabara, kikalegea kikawa kama maziwa, hiyo ndio likwidi kristali, nikakiweka kwapani, baada ya muda kikawa safi kama maji, sasa ni likwidi ya kawaida. Bila hita! Friedrich Reinitzer kule Prague mwaka 1888 aliona kitu cha aina hiyo, kemikali yake iliyeyuka mara mbili, kwanza digrii 145.5 ikawa ukungu, halafu 178.5 ikawa angavu.

Kifaa unachohitaji zaidi ni hadubini ya polaraiza, yaani yenye vichujio vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, na usiambiwe haiko, nenda idara ya jiolojia, wanatumia kuangalia mawe. Yangu niliomba huko, Ijumaa mchana. Na kabla ya hapo pita kwa mafundi wa elektroniki wa Luthuli Avenue uombe skrini ya LCD iliyovunjika, bandua ile filamu ya juu, hiyo ndio polaraiza, kata vipande viwili, weka kimoja juu ya kingine ukizungushe mpaka kuwe giza. Chukua ule utelezi unaobaki chini ya kipande cha sabuni, weka kati ya vioo viwili, ingiza katikati ya filamu, mwanga unapenya. Hiyo pia ni likwidi kristali, molekuli za sabuni zimejipanga zenyewe, kichwa kwa maji mkia ndani, hakuna mtu amezipanga.

Ukishaona hiyo kwa macho ndio uende kwa supavaiza. Kama bado unataka polima, muulize mapema naitrojeni inatoka wapi na nani analipia.