Barua Zenu kwa Daktari: Chama cha Madaktari kina kazi gani?

Barua nne zilizofika mwezi huu zinahusu Chama cha Madaktari cha Kenya, kinachojulikana zaidi kama KMA. Nimeziweka pamoja kwa sababu zinashikana, na kwa sababu mimi mwenyewe ni mwanachama wa miaka mingi na inanisikitisha kuona wagonjwa wakizungushwa huku na huku kwa kutojua nani anahusika na nini.

SWALI: Daktari, salaam. Baba yangu, mzee wa miaka 71, alifanyiwa upasuaji wa ngiri katika hospitali moja ya kibinafsi. Siku ya tatu kidonda kilianza kutoa usaha. Kila tulipouliza tuliambiwa tuwe na subira, mpaka tukamhamisha wenyewe, na huko alikohamishiwa alilazwa wiki tano. Jirani amenishauri nipeleke malalamiko yangu kwa Chama cha Madaktari. Mwingine anasema nisijisumbue, maana madaktari hulindana. Nimwamini yupi? – Binti wa mzee, Voi

JIBU: Pole sana, dada yangu, na umfikishie mzee salamu zangu.

Jirani yako ana nia njema lakini amekuelekeza pasipo penyewe. KMA ni chama cha hiari: daktari hujiunga akitaka, hulipa ada yake, na akitaka hujitoa. Chama kinaweza kumkanya mwanachama wake na hata kumfukuza uanachama, lakini hakiwezi kumzuia kutibu watu, kwa kuwa leseni yake haikutoka kwao. Mwenye mamlaka hayo ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, yaani KMPDC, lililoundwa kwa sheria ya Bunge, na ambalo hadi mwaka 2019 liliitwa Bodi. Baraza ndilo linalosajili madaktari, kutoa leseni za kila mwaka, kukagua hospitali na kusikiliza malalamiko ya wagonjwa. Likimkuta daktari na hatia, linaweza kumwonya, kusimamisha leseni yake kwa muda au kufuta jina lake kabisa katika daftari.

Andika barua yako kwa Baraza kwa lugha nyepesi, nawe huhitaji wakili kwa hatua hii. Taja jina la hospitali na la daktari, tarehe ya upasuaji, siku na saa mlipoona usaha kwa mara ya kwanza, mlimwambia nani na alijibu nini. Ambatisha nakala za faili la mzee kutoka hospitali zote mbili; taarifa za matibabu yake ni haki yake, na akitia sahihi ya kukuruhusu unaweza kuziomba kwa niaba yake. Weka nakala ya kila unachotuma. Ikiwa familia inataka pia fidia ya gharama, hilo ni suala la mahakama, na hapo ndipo wakili anapohitajika.

Ninalo jambo moja la kukutayarisha moyo. Kidonda cha upasuaji kinaweza kuingia wadudu hata pale ambapo daktari na wauguzi wamefanya kila kitu sawasawa, kwa hiyo usaha peke yake hauthibitishi uzembe. Kitakachopimwa ni kama dalili zilitazamwa, kama kuna mtu aliyefungua bandeji akakagua, na kama hatua zilichukuliwa kwa wakati. Ndiyo maana maneno yako, kwamba mliuliza kila siku mkaambiwa msubiri, yana uzito kuliko usaha wenyewe, na ndiyo ya kuyaeleza kwa kirefu.

Kuhusu kulindana, sitakudanganya kwamba halipo. Kila taaluma ina watu wanaoona haya kumsema mwenzao. Lakini ahadi ambayo madaktari wa dunia walijiwekea mwaka 1948 katika Azimio la Geneva, kupitia Shirikisho la Madaktari Duniani ambalo KMA ni mwanachama wake, inaweka afya ya mgonjwa mbele. Daktari anayemficha mwenzake aliyekosea anaivunja ahadi hiyo, hata kama hakuna atakayemwita mbele ya kamati.

SWALI: Mimi ni daktari mwanagenzi. Tayari ninakatwa ada ya chama cha wafanyakazi, KMPDU, na wenzangu wanasema KMA ni baraza la wazee wenye kliniki zao. Kuna haja ya kujiunga? – Mwanagenzi, Eldoret

JIBU: Ndugu yangu, vyama hivyo viwili havifanyi kazi moja, na historia yake inaonyesha sababu. KMA ilianza mwaka 1968, ikichukua nafasi ya tawi la Chama cha Madaktari cha Uingereza lililokuwapo tangu ukoloni. Kwa miaka mingi madaktari hawakuwa na chama cha wafanyakazi, kwa hiyo KMA ilibebeshwa yote: maadili, masomo na hata vilio vya mishahara, ambavyo haikuwa na nguvu ya kisheria ya kuvijadili na mwajiri. Baada ya Katiba ya 2010, ambayo Kifungu chake cha 41 kinamhakikishia kila mfanyakazi haki ya kuwa na chama na haki ya kugoma, KMPDU ilisajiliwa mwaka 2011. Tangu hapo mshahara, saa za kazi na marupurupu ni suala la KMPDU, na KMA imebaki na taaluma yenyewe.

Taaluma yenyewe ni nini? Nikueleze nilichokiona katika mkutano mmoja wa tawi, siku ya Jumamosi, ukumbini penye viti vya plastiki na feni moja inayozunguka kwa taabu. Mkunga aliyealikwa alitandaza mezani karatasi ya plastiki yenye mfuko uliopigwa mistari, ile inayowekwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka. Akamimina maji yaliyotiwa rangi nyekundu na kututaka tukadirie kwa macho. Wengi tulisema ni mililita 200. Mstari ulionyesha 500, yaani kiwango ambacho mama tayari yumo hatarini. Nilikuwa nimezalisha kina mama kwa zaidi ya miaka 20, na siku hiyo niliona kwamba macho yangu yalikuwa yakinidanganya muda wote huo. Utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kutangazwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kuipima damu kwa karatasi kama hiyo na kutoa tiba zote kwa pamoja bila kungoja kulipunguza matatizo makubwa ya kutokwa damu kwa asilimia 60. Mafunzo kama hayo hukupa pia alama ambazo Baraza hudai kabla ya kukupa leseni mpya, lakini mimi ningeenda hata bila alama.

Zaidi ya hapo, KMA ndiyo yenye jarida la kitabibu la Afrika Mashariki, lililoanza miaka ya 1920, na ndiyo inayotupa kiti katika mikutano ya dunia. Marehemu Dkt. Margaret Mungherera wa Uganda aliliongoza Shirikisho la Madaktari Duniani mwaka 2013 hadi 2014, na mwaka 2024 Dkt. Jacqueline Kitulu, aliyewahi kuwa rais wa KMA, alichaguliwa kuwa rais mteule wa shirikisho hilo. Njia yao ilianzia katika vyama vya nyumbani. Hao wazee unaowasikia watabaki peke yao ukumbini ikiwa nyinyi vijana hamtaingia.

SWALI: Mwaka 2024 mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi minane madaktari walipogoma. Nilizunguka hospitali tatu za umma. Chama cha Madaktari kilikuwa wapi? – Mume, Kisumu

JIBU: Ninajua hofu hiyo, ndugu, na sitaidharau kwa kukutajia vifungu vya sheria. Mgomo ule uliitishwa na KMPDU, wala si KMA. Ulidumu siku 56, na kiini chake kikubwa kilikuwa malipo ya wanagenzi: makubaliano ya 2017 yalitaja shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikatoa 70,000. Ule wa 2016 na 2017 ulikuwa umedumu siku 100, na viongozi saba wa KMPDU walifungwa kabla mahakama haijawaachilia ili mazungumzo yaendelee.

Maoni yangu, na ni yangu binafsi, ni kwamba chama cha taaluma hakipaswi kungoja mgomo uanze ndipo kizungumze. Makubaliano yakitiwa sahihi na kisha yakaachwa, mgonjwa ndiye atakayelipa, na chama kinachojua hivyo kinapaswa kupiga kelele mapema, na mgomo ukija kihakikishe kwamba chumba cha kujifungulia na cha dharura havikosi daktari. Kumlaumu daktari kijana asiyelipwa ni rahisi. Wakati wa korona, mwezi Desemba 2020, daktari mwenye umri wa miaka 28 aliyekuwa akihudumu katika kituo cha wagonjwa hao huko Machakos alifariki akiwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitano na akiwa hana bima ya afya. Msiba huo ulitupata sote, vyama vyote viwili.

SWALI: Nitajuaje kwamba anayenitibu ni daktari wa kweli? – Mama wa watatu, Mtwapa

JIBU: Mama, muulize jina lake kamili na namba yake ya usajili, mwenye leseni hakasiriki akiulizwa. Kisha tafuta jina hilo katika daftari la Baraza, ambalo liko wazi kwa umma mtandaoni na linaonyesha pia hospitali na kliniki zilizosajiliwa. Usiangalie cheti cha uanachama wa KMA kilichotundikwa ukutani, maana hicho si leseni. Ukilikosa jina lake, usikimbilie kumwita tapeli. Sisi humwita daktari kila avaaye koti jeupe, lakini maafisa wa kliniki wana baraza lao, wauguzi wana lao, na wafamasia wana bodi yao, kwa hiyo muulize kwanza yeye ni nani kati ya hao.