Shamba la Babu Mzaa Babu Katika Kaunti ya Galway

SWALI: Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa Boston, na mume wangu ana asili ya Ireland. Babu mzaa babu yake, wa ukoo wa Kelly, aliondoka kaunti ya Galway mwaka 1867 akiwa na miaka 19. Bibi mmoja wa ukoo alikuwa akitaja mahali paitwapo "Nokroo", lakini kwenye kaburi la huyo babu pameandikwa Galway tu. Watoto wetu wanalijua shamba la kwetu Tanga hadi minazi iliyo mpakani, lakini kwa upande wa baba yao hawana hata pa kuonyeshwa kwenye ramani. Nilipolitafuta jina lake katika daftari la ardhi la miaka ya 1850 niliwakuta akina Kelly wengi nikachanganyikiwa. Je, shamba lenyewe linaweza kujulikana? Na je, kuna haki yoyote tunayoweza kudai?

JIBU: Dada yetu, upo uwezekano mzuri, mradi ubadilishe unachokitafuta. Kijana aliyeondoka mwaka 1867 akiwa na miaka 19 alizaliwa karibu na mwaka 1848, wakati wa Njaa Kuu ya Ireland, kwa hiyo katika miaka ya 1850 alikuwa mtoto na jina lake haliwezi kuwamo katika daftari la watu walioshika ardhi. Anayepaswa kutafutwa ni baba yake. Anza hapo hapo Massachusetts, kwa kuwa kumbukumbu za ndoa na vifo za jimbo hilo zilikuwa na desturi ya kuandika majina ya wazazi, nawe ukiyapata majina ya baba na mama pamoja utakuwa umewapunguza sana hao akina Kelly.

Hatua ya pili ni mahali. Ardhi ya Ireland imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, vyenye mipaka ya zamani, na kumbukumbu karibu zote za ardhi zimepangwa kwa kitongoji. Hiyo "Nokroo" ya bibi, kwa maoni yangu, ni Knockroe, jina la Kigaeli lenye maana ya kilima chekundu. Wapima ramani wa miaka ya 1830 ndio waliolipa tahajia ya Kiingereza, na vitongoji vyenye jina hilo ni vingi nchini. Faharasa ya vitongoji iliyotolewa mwaka 1861 inaonyesha kila kimoja pamoja na ukubwa wake, baroni yake (yaani sehemu ya kaunti) na parokia yake. Viandike vyote vilivyomo Galway, kisha uangalie ni kipi kilikuwa na Kelly mwenye jina la huyo baba.

Hapo ndipo utakapolifungua daftari ulilolitaja, yaani uthamini uliosimamiwa na mhandisi Richard Griffith na kuchapishwa kati ya 1847 na 1864 kwa ajili ya kutoza kodi. Umuhimu wake umetokana na msiba: sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea kwa sehemu kubwa katika moto wa Jumba la Kumbukumbu la Dublin mwaka 1922, na zile za 1861 hadi 1891 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na serikali yenyewe. Usome ukurasa wake taratibu, kutoka kushoto. Safu ya kwanza ina namba ya shamba, na namba hiyo hiyo imeandikwa kwenye ramani ya uthamini, iliyochorwa kwa kipimo cha inchi sita kwa maili moja. Herufi kubwa baada ya namba huonyesha vipande vya shamba moja vilivyotengana, na herufi ndogo huonyesha nyumba. Kisha huja jina la aliyeishika ardhi, jina la aliyempangisha, maelezo mafupi kama "nyumba na ardhi", ukubwa, na thamani kwa pauni na shilingi. Walipokuwapo watu wawili wenye jina moja katika kitongoji kimoja, mara nyingi mthamini aliongeza jina la baba au alama ya mwili, kwa mfano neno la kumtambulisha mwenye nywele nyekundu, na neno hilo moja laweza kukumalizia kazi yote.

Ukiona majina kadhaa yamefungwa chini ya namba moja, tambua kwamba wapangaji hao walishirikiana ardhi, kila mmoja akilima vipande vilivyotawanyika, jambo lililokuwa la kawaida magharibi mwa Ireland. Katika hali hiyo utaijua nyumba na eneo la wote, lakini si mpaka wa mmoja wao.

Ukishaipata namba, lifuate shamba badala ya mtu. Wathamini waliendelea kuyarekebisha madaftari yao kwa mkono, wakilikata jina la zamani kwa mstari, wakiandika jipya juu yake, na kuweka mwaka pembeni, kila marekebisho kwa wino wa rangi yake. Madaftari ya Galway yanatunzwa Dublin na idara ya serikali iitwayo Tailte Éireann. Ukikuta jina la Kelly mmoja limekatwa na la Kelly mwingine kuwekwa, aghalabu ni mtoto au mjane amerithi, ingawa mwaka ulioandikwa waweza kuchelewa nyuma ya kifo chenyewe. Lifuate hadi sensa za 1901 na 1911, ambazo zimesalimika na husomwa bure kwenye intaneti, upate kuona ni nani waliobaki nyumbani.

Kuhusu haki, sipendi kuwapa tumaini la bure. Itazame safu ya mpangishaji: karibu kila mkulima mdogo wa Galway wakati huo alikuwa mpangaji, mara nyingi wa mwaka kwa mwaka, na aliyeondoka hakuacha miliki nyuma yake. Waliobaki ndio walionunua mashamba kwa mkopo wa serikali, hasa baada ya sheria ya ardhi ya 1903, na katika daftari ununuzi huo hutambulikana kwa muhuri wa herufi L.A.P. (Land Act Purchase, yaani ununuzi chini ya sheria ya ardhi). Ardhi iliyonunuliwa hivyo ililazimu kuandikishwa katika Masjala ya Ardhi, kwa hiyo hata leo hati yake na ramani yake hupatikana kwa ada ndogo, na mmiliki wa sasa huenda akawa ndugu wa damu wa mume wako.

Unapoomba nakala za madaftari hayo ya marekebisho, sisitiza zitolewe kwa rangi, kwa sababu katika nakala nyeusi na nyeupe wino zote hufanana, na hutaweza kuoanisha jina na mwaka wake.