Mdogo wangu wa Masasi, kabla ya unga wa protini tuanze na sahani yako

Mdogo wangu, umesema una miaka 22, kilo 54, urefu sentimita 172, na miezi mitatu sasa unapiga pushapu 200 kila siku lakini kifua hakijasogea. Unauliza ununue unga gani wa protini. Hiyo hela iweke kwanza. Mimi nilianza na kilo 56 nikiwa kuli kwenye ghala la korosho hapa Mtwara mjini, na swali lako ndilo lililokuwa linaninyima usingizi.

Gunia la korosho ghafi ni kilo 80 hivi. Msimu ukichanganya, Oktoba na Novemba, tulibeba kutwa nzima. Kwa kazi ile ningepaswa kuwa baunsa, lakini nilibaki mwembamba, mgumu tu kama mti wa mkwaju. Kumbe mwili ukishauzoea mzigo hauna sababu ya kujenga nyama zaidi. Gunia la mwezi wa kwanza na la mwezi wa tatu ni lile lile. Pia nguvu yote niliyokula asubuhi ilikuwa imeisha saa nne, na mchana nakula ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi. Nilikuwa nashiba kweli, tumbo linajaa, lakini msuli haupati kitu cha kujijengea. Unga wa muhogo una protini kidogo mno, haifiki hata gramu 3 katika gramu 100. Ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kusini, nayo ni hivyo hivyo, tamu na inashibisha, lakini ni wanga.

Pushapu zako 200 zina kasoro ile ile ya magunia yangu. Mtu anayeweza kupiga 50 mfululizo, zile 40 za mwanzo haziusumbui msuli. Zifanye ziwe ngumu: miguu juu ya kiti, halafu begi lenye mchanga mgongoni, mpaka ukifika ya kumi au ya kumi na mbili uone ya kumi na tatu haipandi vizuri. Hapo ndipo faida ilipo. Vyuma vya jimu ni vizuri ukivipata, ila ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, na ikijaa mchanga mkavu inapita kilo 30. Nilichuchumaa na kuinuka na ndoo hizo, nikainama na kuzivuta kuelekea tumboni kwa ajili ya mgongo, nikaning'inia kwenye tawi la mwembe nikijivuta juu. Siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, raundi tatu kila zoezi. Siku za katikati pumzika, maana msuli unajengwa ukiwa umepumzika, na usiku pata usingizi wa muda wa saa saba au nane. Kila mazoezi nilikuwa naandika kwenye daftari nimebeba nini na mara ngapi, na wiki inayofuata lazima kiongezeke kitu, hata mara moja tu au kopo moja la mchanga. Nikiulizwa nini kilinitoa, nitataja hilo daftari kabla ya chakula.

Sasa sahani. Anayejenga mwili anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Kwako ni gramu 86 kwa siku. Inaonekana nyingi, hesabu na mimi: mayai matatu yanakupa kama 18. Kipande cha samaki cha gramu 150 kinakupa 30 hivi. Nusu kikombe cha mbaazi au maharage makavu, yaani kama gramu 100 kabla ya kupikwa, kama 21. Karanga gramu 50, viganja viwili vidogo, ni 12. Umefika 81 hata ugali hujauhesabu. Ukila ugali wa mahindi wa gramu 200 za unga unaongeza kama 16. Umevuka, na hakuna kopo lililotoka ng'ambo.

Kusini tuna bahati ambayo hatuioni. Mbaazi tunazilima, njugu mawe tunazilima, ufuta upo, karanga zipo, na korosho tunazisafirisha kwenda kuwajenga wengine. Korosho gramu 100 ina protini kama 18 na nguvu inayozidi kalori 550, ndiyo maana kwa mtu mwembamba ni msaada mkubwa: kiganja kimoja kati ya mlo na mlo, tumbo halijai na uzito unapanda. Korosho zilizovunjika zinauzwa nafuu na mwilini hazina tofauti na nzima. Masasi samaki wabichi wana shida kufika, basi chukua dagaa wakavu. Wasagwe, uchanganye na mbaazi za nazi. Muhogo usiuache, ni chakula chetu na nguvu ya mazoezi inatoka huko, ila usiuache uwe peke yake kwenye sahani.

Mwezi wa Ramadhani usiache mazoezi, yasogeze tu. Mimi nafanya usiku, zikishapita saa moja na nusu au mbili tangu futari, na daku nakula mayai na maharage, siyo chai na kiazi peke yake. Raundi napunguza zinakuwa mbili, na mwezi ukiisha nakuta sijapoteza kitu.

Kuna jambo moja naliandika kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili jamaa mmoja aliniuzia vidonge vya kunenepa, havina hata pakiti. Wiki tatu mashavu yakajaa, watu wakanisifia, nikaamini nimekua. Lakini mapaja yalikuwa yanaishiwa nguvu, ngazi ya ghala naipanda nikishika ukuta. Daktari aliviangalia akasema ni dexamethasone. Ni dawa ya hospitali yenye kazi yake, lakini ukiimeza ovyo inajaza maji na mafuta usoni, inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa, na msuli wenyewe inaula. Nilikuwa nalipia kubomolewa. Na mtu aliyeitumia kwa wiki kadhaa asiiache ghafla, mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake, anaweza kuzimia au hata kufa. Aende hospitali apunguziwe taratibu. Kama umeshapewa vidonge vya namna hiyo, niambie leo.

Na hospitali uende hata hivyo. Kwa urefu wako uzito wa kawaida unaanzia karibu kilo 55, kwa hiyo upo chini kidogo. Pima minyoo, kichocho, na kama una kikohozi kisichoisha pima kifua kikuu. Nina rafiki aliyekula vizuri miezi minne bila kuongezeka, kumbe analisha minyoo.

Unga wa protini siyo sumu, mwingi wake ni protini ya maziwa iliyochujwa na kukaushwa. Ukishapanga mlo na bado gramu hazitimii, nunua. Ila kwa wengi wetu bei ya kopo moja inanunua trei kadhaa za mayai.

Usitarajie makubwa mwezi wa kwanza. Uzito ukipanda kilo moja hadi moja na nusu kwa mwezi, hiyo ni kasi nzuri. Mimi kutoka 56 hadi 68 ilinichukua mwaka na miezi mitano, na shati ndilo lililoniambia kabla ya kioo.

Wiki hii usibadilishe chochote. Andika kila unachokula, asubuhi hadi usiku, na Jumapili asubuhi jipime kabla ya chai. Niletee orodha hiyo na uzito, tupange pamoja kwa kile kinachopatikana sokoni kwenu.