Nipo misheni lakini siwapendi

SWALI: Shikamoo mchungaji, mi wa Moshi, kanisa limenituma Msumbiji mwaka mzima, huu mwezi wa nne na kusema kweli bado siwapendi hawa watu, nahubiri upendo halafu nakimbilia chumbani najifungia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Bruno Gutmann, yule mmisionari Mjerumani wa Old Moshi, alipofika Uchagani 1902 alijifunza Kichagga akakaa na wazee kusikiliza mila zao. Na wewe punguza kuhubiri kwanza, nenda jikoni umenye mihogo na mama mwenye nyumba, muulize majina ya wanae uwaombee mmoja mmoja. Mimi nikiwa ugenini bibi mmoja alinifundisha salamu yao kanishika mkono haachii mpaka niipatie, nampenda mpaka leo.