Kabla hujasema prosesa imeungua

Ukiingia kwenye ufundi wa kompyuta, haitachukua muda utaletewa mashine ambayo mwenyewe alijaribu kuiovakloki, yaani kuilazimisha prosesa ikimbie kupita kasi ya kiwandani. Ilizima, na tangu hapo kioo ni cheusi. Mara nyingi anayeileta ameshatoa hukumu: "Fundi, prosesa imeungua." Mwitikie vizuri, ila usimwamini bado. Prosesa ni miongoni mwa vipuri vigumu kufa humo ndani. Mara nyingi kilichokufa ni kitu kingine, au hakuna kilichokufa kabisa.

Anza kwa kumhoji. Alibadilisha nini, kizidishi (namba inayozidishwa na megahezi 100 kupata kasi ya prosesa) peke yake au na volteji? Aliweka namba gani? Ilizima palepale alipohifadhi setingi, au ilifanya kazi muda mrefu ndipo ikaanza kuzingua? Aliyepandisha kizidishi tu, tuseme kutoka 47 hadi 52, kwa kawaida hajaunguza chochote. Prosesa imeshindwa kuhesabu sawasawa kwa kasi ile, basi. Aliyegusa volteji ndiye wa kumtilia shaka. Umeme unaoliwa na prosesa hukua kwa mraba wa volteji: ukitoka volti 1.25 hadi 1.45 bila kubadili kasi, matumizi yanapanda kwa takriban theluthi moja, na joto linafuata. Muulize pia kama volteji aliiacha kwenye Auto, maana kuna mbao mama zinazoipandisha zenyewe zikiona kizidishi kimeongezwa, naye atakuapia kwamba hakuigusa.

Kisha futa setingi za BIOS, ile programu ya ndani ya ubao mama inayoiwasha mashine. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha ili chaji iliyobaki kwenye kapasita iishe, halafu toa ile betri bapa ya CR2032 kwa dakika chache, au gusanisha pini mbili za jampa ya kufutia setingi kwa ncha ya bisibisi. Kitabu cha ubao mama kinaonyesha zilipo. Rudisha, washa, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokosea: hawasubiri. Ubao wa RAM (kumbukumbu ya muda) za aina ya DDR5 ukishafutwa setingi huanza kuipima RAM upya, na kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa huku feni zikizunguka. Anayezima na kuwasha kila baada ya nusu dakika ataishia kusema prosesa imekufa, kumbe yeye ndiye anayeikatiza.

Bado kimya? Punguza vipuri. Acha kijiti kimoja cha RAM kwenye nafasi iliyotajwa na kitabu, chomoa diski zote na kila kisichohitajika. Diski uichomoe, umeme ukiwa umezimwa, hata kama mashine bado inakubali kuwaka, kwa sababu prosesa isiyotulia huandika takataka kwenye mafaili ya mteja, na ukishampotezea picha zake hakuna atakayekumbuka nani aliyeanza. Na kabla hujatoa kadi ya michoro, soma jina la prosesa: za Intel zenye herufi F mwishoni hazina michoro ya ndani, kwa hiyo ukichomeka kioo kwenye ubao hutaona kitu hata kama kila kitu ni kizima.

Mbao nyingi za siku hizi zina taa ndogo za utambuzi: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya michoro), BOOT (diski ya kuanzia). Taa ya CPU ikibaki inawaka, usikimbilie kununua prosesa. Inachokuambia ni kwamba ubao umekwama kwenye hatua ya prosesa. Inaweza kuwa plagi ya pini nane ya volti 12 haikushikana, pini ya soketi imepinda, au BIOS imevurugika katikati ya purukushani. Kama ubao una kitufe cha kuandika BIOS kutoka kwenye flashi, kitumie. Kwenye mbao nyingi zenye kitufe hicho, kazi hiyo inafanyika hata bila prosesa kuwa kwenye soketi.

Kuna dalili moja ya kuiheshimu. Unabonyeza kitufe, feni inazunguka kidogo, inasimama. Chomoa plagi ya pini nane ya prosesa, jaribu tena. Kama sasa feni zinaendelea kuzunguka, pawa saplai ilikuwa inajikinga na shoti iliyoko kwenye njia ya umeme wa prosesa. Chomoa umeme kabisa, toa prosesa, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusa pini ya volti 12 kwenye soketi ya plagi ile na upande wa pili gusa graundi. Ikisoma karibu na sifuri, shoti iko kwenye ubao, na washukiwa wa kwanza ni mosifeti, swichi ndogo za umeme wa prosesa zilizopangwa kando ya soketi. Zile ndizo zilizobeba mzigo wote wakati volteji inapandishwa, na kwenye mbao za bei rahisi hutangulia kuungua kabla ya prosesa.

Angalizo mbili hapo. Ukipima kwenye koili zilizo karibu na soketi huku prosesa iko ndani, utapata omu ndogo sana. Hiyo ni kawaida ya prosesa, si shoti, na imewadanganya mafundi wengi. La pili ni kubwa zaidi: usichukue prosesa nzima ukaiweka kwenye ubao unaoshuku mosifeti zake "ili kujaribu". Mosifeti iliyopiga shoti inaweza kupeleka volti 12 mahali panapotakiwa volti moja na kitu, nawe utakuwa na prosesa mbili zilizokufa. Fanya kinyume chake: prosesa inayoshukiwa ndiyo iende kwenye ubao mzima unaoujua, wenye BIOS inayoitambua. Kabla ya kuiweka igeuze, tazama chini yake kwenye mwanga. Doa la kahawia kwenye vituo vya mguso, au sehemu iliyovimba, basi usiiweke popote. Ikiwa safi na bado haiwaki kwenye ubao mzima, sasa unaweza kusema imekufa.

Lakini kesi itakayokusumbua kweli ni ya prosesa iliyochakaa. Inawaka, inaingia kwenye Windows, inafungua kila kitu, halafu inaganda bila ratiba. Volteji na joto la kupindukia husukuma atomu za chuma ndani ya nyaya zake zilizo nyembamba kupindukia, na hudhoofisha tabaka za kuhami kwenye transista. Matokeo yake ni kwamba kasi ileile iliyokuwa ikiendeshwa kwa volteji ndogo, sasa inadai kubwa zaidi. Setingi za kiwandani, ambazo zilikuwa salama, zinakuwa hazitoshi.

Dalili zake zinapotosha. Mchezo unalalamika kwamba kumbukumbu ya kadi ya michoro haitoshi wakati ipo tele. Unafungua faili kubwa la zip linasema limeharibika, unalifungua tena lilelile linakubali. Hilo likitokea, acha kulaumu faili. Fungua rekodi za matukio za Windows utafute WHEA-Logger, jina linaloandika makosa ya vifaa. Ukikuta makosa yanajirudia kwenye namba ileile ya APIC ID, inayotambulisha viini (sehemu za prosesa zinazohesabu), una kiini kimoja kilichochoka kuliko wenzake. Prime95, programu ya kuihenyesha prosesa kwa hesabu, nayo inasaidia: kila kiini kina mfanyakazi wake, na yule anayesimama kwa kosa la hesabu kila mara ndiye unayemtafuta.

Ila RAM hutoa dalili zilezile, kwa hiyo iondoe kwanza kwenye orodha. Zima XMP au EXPO, setingi za BIOS zinazoikimbiza RAM, maana hizo nazo ni kuovakloki hata kama zinaitwa kwa jina la upole, kisha iache Memtest86, programu ya kupima RAM, imalize mizunguko yake. Tazama na joto: kipoza kilicholegea au pampu ya maji iliyosimama huifikisha prosesa nyuzi 90 na zaidi ndani ya muda mfupi, ikajipunguza kasi au kujizima, na hapo hakuna kilichochakaa. RAM ikiwa safi, joto likiwa sawa, na makosa yakiendelea kwenye setingi za kiwandani, fanya jaribio la kuamua: shusha kizidishi kwa hatua mbili, yaani megahezi 200. Makosa yakikoma kabisa, umeshapata jibu.

Wengine huponya kwa kuongeza volteji kidogo. Inafanya kazi, ila unaharakisha ugonjwa uleule, na mteja atarudi. Mimi hushusha kasi. Ikiwa ni kiini kimoja tu na BIOS inaruhusu, kukizima pia kunafaa. Baada ya hapo rudisha diski, endesha sfc /scannow, amri ya kukagua mafaili ya mfumo wa Windows, na uwe tayari kupiga Windows upya, kwa sababu mafaili yaliyoharibika wakati wa vurugu yataendelea kuleta skrini ya bluu hata prosesa ikishatulia.

Usisahau pia kwamba si kila volteji iliyopitiliza ilitoka kwa mteja. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za AMD za Ryzen 7000 zenye X3D kwenye jina ziliungua kwenye soketi, na AMD ikaweka ukomo wa volti 1.3 kwa volteji ya SoC (sehemu ya prosesa inayohudumia RAM na kazi nyingine za ndani) kupitia BIOS mpya. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiomba volteji kubwa mno, ikatoa msimbo wa marekebisho wa 0x129, unaokuja na BIOS mpya, mwezi Agosti na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Ukipokea mojawapo ya hizo, sasisha BIOS na uangalie waranti kabla ya kumlaumu mtu. Kuovakloki kwa kawaida hakumo kwenye waranti. Mteja akikuomba umwandikie barua kwamba hakugusa kitu na wewe unajua aligusa, kataa.

Mashine ikitoka, mwambie mwenyewe kwa maneno ya wazi kwamba prosesa yake inafanya kazi chini ya kasi iliyouzwa nayo. Setingi uliyoiacha iandike kwenye karatasi ya gundi, kizidishi na volteji, uibandike ndani ya kava la pembeni. BIOS ikifutwa siku moja, fundi atakayefungua kava ataanzia hapo.