Mchujo wa Democrat 2016: Warusi hawakugusa kura, waligusa vichwa vyetu

Mkuu umeuliza kama kweli Warusi walimwibia Bernie Sanders kura za mchujo mwaka 2016, alipopambana na Hillary Clinton kuwania kuwa mgombea urais wa Democrat kule Marekani. Hapana. Na nakujibu mimi niliyepiga kelele za "tumeibiwa" karibu miaka miwili.

Naishi Minnesota. Tarehe 1 Machi 2016 chama kilituita jioni shuleni, foleni mpaka nje kwenye baridi. Unapewa kikaratasi, unachagua jina, unatumbukiza. Kwetu vikaisha, tukachaniwa karatasi za daftari. Sanders alishinda hapa vizuri tu. Ila nchi nzima Clinton alipata kura kama milioni 17, Sanders milioni 13. Hilo pengo hakulichimba Mrusi.

Kilichoibwa ni barua pepe. Maofisa wa GRU, ujasusi wa jeshi la Urusi, waliingia kwenye kompyuta za makao makuu ya chama. John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Clinton, walimnasa Machi hiyohiyo kwa barua iliyojifanya imetoka Google: badilisha nenosiri. Fundi wa kampeni akaulizwa, akaandika kwamba ni halali. Baadaye akasema alikusudia kuandika si halali. Neno moja hilo!

Tarehe 22 Julai WikiLeaks, mtandao wa kuanika nyaraka za siri, wakamwaga barua karibu 20,000 za makao makuu, siku tatu kabla ya mkutano mkuu wa Philadelphia. Kura za mchujo zilishaisha tangu Juni. Lakini barua zilikuwa za kweli, na ndiyo iliyotuuma. Mle ndani ofisa mmoja wa chama anapendekeza Sanders abanwe kuhusu imani yake ya dini. Mwenyekiti wa chama, Debbie Wasserman Schultz, akatangaza kuachia ngazi. Mimi niko zamu ya usiku, nazisoma kwenye simu, nazirusha kwenye grupu letu la Wabongo bila kujiuliza nani kazileta na kwa nini wiki hiyo.

Mwisho wa 2017 Facebook wakaweka sehemu ya kuangalia kama uliwahi kufuata kurasa za kiwanda cha propaganda cha Warusi kilichokuwa St. Petersburg, kilichojifanya Wamarekani mitandaoni. Nikafungua nikicheka. Nikakuta ukurasa mmoja wa mambo yetu weusi, na tarehe niliyojiunga. Nilidhani ni vijana wa hapahapa mjini! Februari 2018 hati ya mashtaka ya Marekani dhidi ya Warusi 13 wa kiwanda hicho ikasema wafanyakazi wake waliagizwa wamshambulie Clinton, ila Sanders na Trump wawaunge mkono. Yaani tulikuwa tunasukumwa mgongoni kwenye njia tuliyokwisha ichagua wenyewe, ndiyo maana hatukuhisi mkono.

Novemba 2016, kwenye uchaguzi wenyewe wa rais, mke wangu alikwenda kupiga kura. Mimi nilitoka zamu nikalala, nimesusa. Clinton aliichukua Minnesota kwa tofauti isiyofika kura 45,000, na bibie hajaacha kunitajia hiyo namba.