Kutoka Ofisi ya Serikali Hadi Uwakili wa Kujitegemea

Swali: Nilikuwa mwendesha mashtaka wa serikali kwa miaka tisa, sasa najiunga na kampuni ya mawakili Nakuru. Mteja wa kwanza kunipigia simu ni mshtakiwa ambaye faili lake niliwahi kulishika. Naweza kumtetea?

Jibu: Huyo mwache. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 inamzuia aliyetoka kazini kumwakilisha mtu katika jambo alilolishughulikia akiwa afisa, kwa angalau miaka miwili. Iliwalenga wakubwa wa dola, ila sheria hiyohiyo inazifikisha kanuni zake kwa watumishi wa umma wote.

Wala usikae kuhesabu miezi. Ulichokijua kwa siri, kama vile udhaifu wa shahidi au ushauri uliowapa polisi, utabaki siri hata miaka hiyo ikiisha.

Pengine utasema ulisimama siku moja tu kuomba kesi iahirishwe. Sisi tungeihesabu. Jina lako limo kwenye mwenendo wa kesi, upande wa pili utaliona na kuomba uondolewe, na mteja atabaki akitafuta wakili mwingine kesi ikiwa katikati.

Kesi nyingine dhidi ya Jamhuri uko huru kuzichukua. Kinachokufunga ni jambo ulilolishika. Mwajiri wako wa zamani hakufungi. Andika orodha ya kesi zako, namba na wahusika tu, bila kunakili chochote cha faili, na karani wa kampuni aipitie kila mteja mpya anapoingia.

Swali: Nimetoka ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Nimo kwenye rejesta ya mawakili na namba yangu ya uwakili, ile inayoanza na P.105, ninayo. Naweza kusaini hati Jumatatu?

Jibu: Bado. Ukiwa kule, Sheria ya Mawakili ilikuruhusu kufanya kazi bila cheti cha mwaka cha uwakili. Ruhusa hiyo iliisha siku uliyoondoka, na rejesta peke yake haitoshi. Omba cheti kupitia LSK, chama cha mawakili wa Kenya: lipa ada, kamilisha alama tano za mafunzo endelevu ya mwaka, na ueleze miaka yote ulikuwa wapi, ukiambatisha barua ya kuajiriwa na ya kuacha kazi. Cheti huisha tarehe 31 Desemba hata kama umekipata Oktoba, kwa hiyo ada ya mwaka mpya ianze kuwekwa kando mapema.

Wengine hujitetea kwa kesi ya National Bank na Anaj Warehousing, ambapo Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2015 kwamba hati ya dhamana ya mkopo haibatiliki kwa sababu tu aliyeiandaa hakuwa na cheti. Uamuzi ule ulimlinda mteja. Wakili mwenyewe bado anaweza kushtakiwa, na ada ya kazi hiyo hawezi kuidai mahakamani.

Ukifungua ofisi yako mwenyewe, fungua pia akaunti ya wateja kabla ya kupokea senti. Serikalini hukuwahi kushika pesa za mtu, na hapa ndipo wengi wanaotoka huko hukwama: amana ya mnunuzi wa shamba inaingia akaunti ya ofisi, inalipa kodi ya pango ya mwezi, kisha malalamiko yanafika kwenye Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.